Jalada Lililorukwa

Mtunza stoo alikutwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji ya ofisi yake, mkono mmoja chini ya kifua, kiatu cha kushoto kimemvuka. Nyuma ya meza, mlango wa chuma wa stoo ya baruti ulikuwa wazi. Kufuli zake mbili zilining'inia kwenye pete, nzima, hazina hata mkwaruzo.

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumanne. Msimamizi wa machimbo ya mawe, aliyeikuta maiti hiyo, alikimbia hadi getini kutafuta simu, ndipo akakumbuka kwamba simu yake ilikuwa mfukoni.

Kufikia saa nne Inspekta alikuwa amefika. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alitoka makao makuu ya Idara ya Taifa ya Upelelezi, kitengo cha kupambana na ugaidi, pamoja na Sajenti wake, mtu wa miraba minne ambaye mdomo wake haukuwa na likizo.

Mkuu wa kituo cha polisi cha pale aliwapokea mlangoni bila furaha.

"Afande, haya ni mauaji na wizi wa kawaida. Mngetuachia wenyewe."

"Kimeibwa nini?"

"Makasha matatu ya baruti, na viwashio vyake."

"Basi si kesi yenu peke yenu," alisema Inspekta, akivaa glavu. "Baruti ikipotea popote katika nchi hii, simu inalia mezani kwangu."

"Lakini mwizi tunaye tayari. Mponda mawe mmoja, wanamwita Kimya. Leo hakuripoti kazini. Ni mhamiaji, anakaa kule ng'ambo ya reli. Askari wangu wako tayari, mchana huu tunauzunguka mtaa mzima."

"Hamzunguki mtaa wowote."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akainama kwenye maiti.

Daktari alikuwa amemaliza. Kipigo kimoja tu kisogoni, kitu kizito, pengine nyundo. Marehemu alikuwa ameketi. Hakujihami, hakupiga kelele. Alikufa jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja.

"Na mlinzi wa usiku?" aliuliza Inspekta.

"Alifika saa moja," alijibu Mkuu wa kituo. "Akakuta mlango wa ofisi umerudishwa, akadhani mzee ameshaenda zake. Kakaa getini mpaka asubuhi."

Inspekta aliitazama meza. Vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kitupu, kimejaa alama za vidole. Cha pili kilikuwa kimejaa chai iliyoganda utando juu, na kimepanguswa kikawa safi.

"Sajenti, unaona nini?"

"Naona mgeni asiyependa chai, afande."

"Mimi naona mgeni aliyetengewa kikombe. Mzee huyu alikuwa anamkaribisha mtu anayemfahamu. Mwizi hatengewi chai." Akageukia kufuli. "Na funguo?"

Stoo ile, kwa mujibu wa sheria, haikufunguliwa na mtu mmoja. Kufuli ya kwanza ilikuwa ya mtunza stoo, na ufunguo wake ulikuwa bado unaning'inia humo. Kufuli ya pili ilikuwa ya fundi baruti, yaani yule anayetega na kulipua miamba. Bila wote wawili, mlango haufunguki.

Fundi baruti aliletwa. Alikuwa mzee mrefu aliyekonda, masikio yake yamechoshwa na miaka thelathini ya milipuko. Macho yalikuwa mekundu. Yeye na marehemu walikuwa chanda na pete. Walianza kazi mwaka mmoja, na kila mapumziko walicheza drafti pamoja.

"Pole sana, baba," alisema Inspekta.

"Eeh?"

"Pole!"

"Nimeshapoa. Mtu akishafika umri wangu anazika tu."

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Ufundi wangu?"

"Ufunguo!" Sajenti alimnyanyulia kufuli mbele ya uso.

Mzee alivuta mnyororo mwembamba uliokuwa shingoni, ndani ya shati. Ufunguo ulikuwa pale. "Hautoki hapa. Hata nikilala uko hapa."

Inspekta aliuchukua, akausogeza karibu na miwani. Katikati ya meno ya ufunguo palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya chumvi. Akakikwangua kwa sindano, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Mpelekee mtaalamu wa maabara," alimwambia Sajenti. "Nataka jibu leo."

*

Mchana huo, katika chumba walichopewa kituoni, Inspekta alimwekea Mkuu wa kituo karatasi moja mezani.

"Umewahi kuiona?"

"Hiyo? Si ya wale wapuuzi wanaojiita Wenyewe? Inabandikwa kwenye nguzo za umeme kila mahali."

"Wapuuzi hao wamechoma maduka mawili na nyumba ya mwalimu mmoja mwaka huu. Miji mitatu tofauti. Kila kituo kiliandika kesi yake peke yake, kikaifunga. Ofisini kwangu karatasi zote zinakaa kwenye ukuta mmoja, ndiyo maana tunaona kitu ambacho nyinyi hamkioni."

Karatasi ile ilikuwa na maneno makubwa juu: WENYEWE TUMECHOKA. Chini yake palikuwa na orodha ya familia za wahamiaji wa ng'ambo ya reli, kila moja na namba ya jalada lake katika Ofisi ya Usajili. Mwisho palikuwa na ahadi: kabla uhakiki wa uraia haujakwisha, nchi itaona moto mkubwa.

"Uhakiki unaanza lini hapa?" aliuliza Inspekta.

"Keshokutwa. Alhamisi, saa tatu asubuhi."

"Watakuja watu wangapi?"

Mkuu wa kituo aliitazama tena karatasi. "Mia tatu. Zaidi. Na watoto wao."

"Basi tuna kesho tu. Ukiwazungukia leo wale watu, ukawavunjia milango, Wenyewe watakushukuru, maana utakuwa umewafanyia kazi yao bure. Na baruti itabaki palepale ilipo."

Kabla Mkuu wa kituo hajajibu, askari wa zamu alichungulia mlangoni. Palikuwa na mama mmoja nje, anataka kuonana na "yule mkubwa wa kike."

Aliingia mwanamke mnene mwenye kanga mbili na mfuko wa plastiki. Hakukaa.

"Mimi ni shangazi yake Kimya," alisema. "Nimemlea tangu ana miaka minne. Nimesikia mnamtafuta."

"Tunamtafuta, ndiyo."

"Nikikuletea mwanangu, utanirudishia akiwa na meno yake yote?"

Mkuu wa kituo alitazama dirishani.

"Utakaa naye humuhumu ndani nikimhoji," alisema Inspekta. "Nitakachoandika nitakusomea. Akiwa hana kosa, mtaondoka pamoja mkitumia mlango wa mbele."

Yule mama alimtazama usoni, muda mrefu. Kisha akageukia dirisha, akaita kwa sauti iliyowaamsha hata mahabusu: "Wewe! Ingia!"

Kimya alikuwa amesimama nje ya uzio muda wote huo, mita ishirini kutoka kwa askari waliokuwa wanajiandaa kwenda kumsaka.

*

"Kwa nini hukwenda kazini?"

"Nilikwenda," alisema Kimya. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mikono kama majembe. "Saa kumi na mbili asubuhi, nikapitia pengo la uzio wa nyuma. Kila siku namletea mzee mkate. Nikamkuta vile."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia."

"Kwa nini usiite mtu?"

Kimya alimtazama Mkuu wa kituo, kisha akatazama chini. Shangazi yake ndiye aliyejibu. "Ningekuwa mimi ningekimbia zaidi."

"Jana jioni ulimwona na nani?"

"Sikumwona vizuri. Nilikuwa bombani, nyuma ya ofisi, nanawa. Kama saa kumi na moja na nusu. Nikasikia mzee anacheka. Akasema, 'Karibu, mkwe! Leo umewakumbuka wazee?'"

"Mkwe. Una hakika?"

"Mkwe. Nilipopita nikaona mgongo wa mtu mlangoni. Shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kiganjani. Nikajisemea, joto hili na mtu kajifunga hivyo."

Inspekta aliandika, akamsomea yeye na shangazi yake neno kwa neno, akampa kalamu atie sahihi. Walipotoka walitumia mlango wa mbele. Shangazi alihakikisha.

"Tumempata, afande," alisema Mkuu wa kituo, sasa amechangamka. "Tutafute mume wa binti wa marehemu."

"Sajenti?"

Sajenti alifungua daftari lake. "Marehemu hakuoa. Hakuzaa. Hakuwa na binti wala wa kusingiziwa."

 Feni ya darini ilizunguka ikilalamika.

"Mtu asiye na binti anamwita nani mkwe?" aliuliza Mkuu wa kituo.

Inspekta alikuwa ameshasimama na mkoba wake begani. "Mkwe wa rafiki aliye kama ndugu yake."

*

Nyumba ya fundi baruti ilikuwa na vyumba vitatu na ua uliofagiliwa vizuri. Alikuwa peke yake, ameketi barazani mbele ya ubao wa drafti, hajapanga kete. Mkewe alikuwa amekwenda msibani.

Jibu la maabara lilikuwa limekwisha fika kwa simu. Kile kitu cheupe kwenye ufunguo kilikuwa sabuni ya kufulia.

Inspekta aliketi upande ule mwingine wa ubao, akazungumza polepole, midomo ikionekana.

"Baba, una watoto wangapi?"

"Mmoja. Binti."

"Kaolewa?"

"Kaolewa vizuri. Mumewe ni karani Ofisi ya Usajili, kule masjala. Mtu mstaarabu. Shati lake halikosi pasi."

"Marehemu alikuwa anamwitaje?"

"Mkwe. Alikuwa anasema binti yangu ni wake pia, maana ndiye aliyemfundisha baiskeli. Kwenye harusi ile alicheza kuliko mimi."

"Walikuja lini mara ya mwisho?"

"Jumapili. Wamekula hapa."

"Jumapili hiyo, ufunguo ulitoka shingoni?"

Mzee alifungua mdomo kujibu kwamba hautoki. Akaufunga. Mkono wake ulikwenda kifuani, ukashika mnyororo juu ya shati.

"Nilikwenda kuoga," alisema. "Nikioga nautundika pale. Mnyororo unashika kutu." Alionyesha msumari uliokuwa kwenye ukuta wa ukumbi, karibu na mlango wa bafu. Chini yake, kwenye beseni la nguo, palikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, ya mche.

Inspekta aliitazama ile sabuni. Alimwacha mzee afike mwenyewe.

"Usiniambie," alisema fundi baruti hatimaye. "Nimeshajua. Yeye alikuwa amekaa hapo ukumbini. Binti yangu na mama yake walikuwa jikoni." Akafunika macho kwa kiganja. "Binti yangu hajui kitu, mama. Nakuapia."

"Naamini. Lakini baba, nina baruti imefichwa mahali, na nina watu mia tatu wanaokuja Alhamisi. Huyu mtu akihisi tu kwamba tunamjua, sitaipata. Utaweza kukaa mpaka kesho jioni bila kuzungumza na binti yako?"

 Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu ndogo ya vitufe, akaiweka katikati ya ubao wa drafti.

"Chukua uondoke nayo. Ikitetemeka nitaipokea. Sina moyo wa kutoipokea."

*

Usiku huo askari wawili waliovaa kiraia walikaa wanaiangalia nyumba ya karani. Hakutoka. Jumatano saa mbili asubuhi alikwenda kazini kama kawaida, shati jeupe, mikono mirefu.

Saa tatu Inspekta aliingia Ofisi ya Usajili kwa mlango wa nyuma, akamwonyesha mkurugenzi kitambulisho na hati ya upekuzi iliyotiwa sahihi na hakimu asubuhi ileile. Mkurugenzi, bwana mwenye tai iliyomkaba, aliisoma mara mbili.

"Namba za majalada ya wahamiaji zinajulikana na nani?"

"Makarani watatu wa masjala tu. Na sasa hata wao hawayagusi. Tangu mwezi uliopita, yote yamefungiwa kwenye chumba cha chuma. Funguo ninazo mimi na mwakilishi wa tume ya uhakiki."

"Kwa hiyo karani akitaka kuondoa jalada moja?"

"Hawezi. Kesho ndipo yanafunguliwa, mbele ya watu, moja baada ya jingine."

Inspekta alitoa karatasi ya Wenyewe, akaikunjua mezani. Usiku alikuwa ameisoma mpaka herufi zikamchezea machoni, na ndipo alipoona jambo ambalo ofisi nzima ya makao makuu haikuliona kwa wiki tatu.

"Hesabu nami," alisema. "Mia mbili kumi na mbili, mia mbili kumi na tatu, inakwenda hivyo bila kuruka. Mia mbili ishirini na tano. Halafu?"

"Mia mbili ishirini na saba."

"Ishirini na sita liko wapi?"

Mkurugenzi alikohoa. "Labda makosa ya uchapaji."

"Labda. Tukaliangalie."

Chumba cha chuma kilifunguliwa. Jalada namba 226 lilikuwa mahali pake, jembamba, rangi ya udongo, limefungwa utepe. Inspekta alilifungua akiwa amesimama. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma ukoo ulioandikwa pale, jina la mwanamke aliyevuka mpaka miaka sitini iliyopita akiwa na mtoto mgongoni. Ulikuwa ukoo wa karani. Inspekta aliendelea kusoma hadi mwisho, akafunga utepe, akalitia jalada kwenye mfuko wa ushahidi.

"Basi huyu anataka kuchoma karatasi," alinong'ona Sajenti. "Watu ni wa kuzugia tu."

"Watu kwake ni pazia. Wakifa mia tatu, nani atauliza habari za jalada moja?" Inspekta aligonga ukuta wa chumba kwa kidole. "Upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?"

"Stoo ya fomu," alisema mkurugenzi.

"Nani anapokea fomu?"

Mkurugenzi alilegeza tai.  "Yeye. Yalikuja makasha kumi juzi, kwa ajili ya kesho."

Stoo ya fomu ilikuwa chumba chembamba kisicho na dirisha. Makasha ya karatasi yalikuwa yamepangwa hadi darini, yote yana muhuri wa serikali. Sajenti alihesabu kwa kidole, akarudia tena kutoka mwisho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Kumi na matatu, afande."

*

Nje, watu walikuwa wameshaanza foleni ya kesho. Walikuja na mikeka, vibao vya kukalia na watoto, wakawa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta. Kivuli hicho kilikuwa cha ukuta wa stoo ya fomu.

Inspekta alikuwa na dakika chache za kuamua. Akipiga king'ora, watu watakanyagana, na karani atajua. Akamwita Mkuu wa kituo pembeni.

"Unataka kunisaidia?"

"Niagize, afande."

"Nenda kwa yule shangazi, yuko pale mbele ya foleni. Mwambie foleni imehamia uwanja wa shule. Watu watamfuata yeye. Wewe hawatakufuata."

Mkuu wa kituo alivumilia ukweli huo, akaenda. Inspekta alimwona anavua kofia, anainama, anazungumza. Yule mama alimtazama juu chini. Kisha akakunja mkeka wake, akapiga makofi mawili, na foleni nzima ikanyanyuka nyuma yake, kwa malalamiko lakini kwa mpangilio.

Makarani walitolewa kwa mlango wa nyuma, wakaambiwa mkurugenzi ana kikao nao uani. Karani mwenye shati jeupe alikuwa wa mwisho. Alipofika kwenye korido akaona mlango wa stoo ya fomu umesimamiwa na watu wawili wenye mavazi mazito ya wategua mabomu. Akasimama. Akageuka.

"Naenda kunywa maji," alimwambia Sajenti aliyekuwa amejaa mlangoni.

"Maji tutakuletea, bwana mkubwa. Kaa hapa, mikono niione."

Karani alijaribu kumpita. Ilikuwa sawa na mtu kujaribu kupita kwenye kabati. Pingu zilifungwa juu ya vifungo vya mikono mirefu.

Wategua mabomu walifanya kazi saa moja na dakika arobaini. Mkuu wao alipotoka, alivua kofia ya chuma, akakaa kwenye ngazi. Saa iliyotegwa mle ndani ilikuwa inasubiri Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi.

*

Jumatano nzima karani hakufungua mdomo. Alipewa wakili, akapewa chakula, akapewa kitanda. Alhamisi saa moja asubuhi aliomba mwenyewe kuonana na Inspekta. Wakili aliketi pembeni yake. Mashine ya kurekodi iliwashwa.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Inspekta. "Unalijua hilo?"

"Najua. Mke wangu yuko wapi?"

"Yuko kwa wazazi wake."

"Anajua?"

"Baba yake alimwambia jana jioni. Mzee alitaka amwambie mwenyewe."

Karani alitazama mikono yake.

"Nyundo iko wapi?"

"Kisimani. Kile kisima kikavu nyuma ya machimbo."

"Ufunguo ulichongeshwa wapi?"

"Nilichonga mwenyewe, nikifuata alama niliyoigandamiza kwenye sabuni. Kwa tupa. Jumapili jioni, hadi asubuhi."

"Ulikwenda ukiwa umeshaamua kumwua yule mzee?"

"Hapana! Nilidhani ameshaondoka. Saa kumi na moja wote wanaondoka. Nikamkuta, akaniita, akanitengea chai. Nikakaa. Nikasema atakwenda. Hakwenda. Akaanza kunihadithia habari za harusi yangu."

"Ukampiga akiwa anahadithia."

"Aliinama kuokota kete ya drafti iliyoanguka."

Inspekta aliandika.

"Wenzako?"

"Wawili. Walingoja na gari upande wa nyuma, uzio umekatika pale siku nyingi. Mmoja ndiye aliyeifunga ile saa. Jumanne asubuhi wakayaleta ofisini kama makasha ya fomu, nikayapokea." Alitaja majina na mitaa. Sajenti alitoka na karatasi, na milango miwili mjini ikagongwa kabla chai ya asubuhi haijapoa.

"Sasa niambie kwa nini."

"Mmesoma karatasi zetu. Nchi hii ina wenyewe."

"Nimezisoma. Umeorodhesha namba zote isipokuwa moja."

Uso wa karani ulibadilika, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Wakili wake alimgeukia, haelewi.

"Miaka mitatu iliyopita," alisema karani kwa sauti ndogo, "nilikuwa napanga majalada. Nikashika lile. Nikaona jina la bibi yangu. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nimekua nawaita wale watu wakuja. Nimewatukana. Nikasoma ukurasa wa kwanza, mtu akaingia, nikalifunga. Sikuligusa tena, nikiogopa mtu ataniona nalo."

"Ukajiunga na Wenyewe."

"Nilijiunga mwezi uleule. Nikapiga kelele kuliko wote. Ukipiga kelele sana hakuna anayekuuliza bibi yako alitoka wapi. Wakanipa uongozi. Halafu ukatangazwa uhakiki, majalada yakafungiwa, nikaambiwa yatasomwa hadharani. Wangenicheka. Wale wenzangu wangenifanya nini? Mke wangu? Kazi yangu? Ningeambiwa na mimi niondoke."

"Kwa hiyo wafe watu mia tatu."

"Sikuwaza watu. Nilikuwa nawaza jalada."

Inspekta alifungua mkoba, akatoa mfuko wa ushahidi, akalitoa jalada namba 226. Alifungua utepe, akageuza kurasa hadi ya mwisho, akalisukuma mbele yake.

"Soma."

Ilikuwa karatasi ya kizamani, imegeuka njano kwenye pembe. Ilikuwa na muhuri wa serikali na sahihi ya waziri wa wakati ule. Ilikuwa hati ya tajnisi: mwanamke yule, na watoto wake, na vizazi vyake, wamepewa uraia kamili. Tarehe yake ilikuwa ya miaka arobaini na moja iliyopita. Chini, kwa wino mwekundu, karani wa zamani aliandika: Jalada limefungwa.

"Asubuhi ya leo lingefunguliwa na kufungwa kwa dakika mbili," alisema Inspekta. "Hakuna mtu ambaye angekuambia uondoke. Ulizaliwa raia. Ulikuwa mwenyewe siku zote."

Karani alisoma. Alirudia kusoma, kidole kikipita chini ya kila neno, midomo ikitikisika kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye tarehe alitoa sauti, haikuwa kilio wala neno, na kichwa kikaenda mezani, juu ya pingu.

Wakili alizima mashine.

Inspekta alilifunga jalada, ambalo nakala yake ilikuwa imeshawekwa kwenye ushahidi, na kulitoa nje mwenyewe. Mkurugenzi alikuwa anangoja koridoni. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipeleka kulirudisha kwenye rafu, kati ya mia mbili ishirini na tano na mia mbili ishirini na saba. Ilipotimu saa tatu kamili, mlango wa mbele wa Ofisi ya Usajili ulifunguliwa, na mtu wa kwanza akaitwa kwa jina lake.